Kutoa Mji Kabla ya Jibu

Liko neno lisemwalo sana katika mabaraza ya wanafunzi wachezao michezo ya video, nalo ni kwamba mtu aliyefungua mwongozo hakucheza. Husemwa kwa ukali, kama hukumu ya kadhi isiyo na rufani. Upande wa pili hujibu kwa ukali uo huo kwamba mchezo umenunuliwa, na mwenye mali hana wa kumwuliza jinsi anavyoitumia mali yake. Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu. Nathubutu kusema kuwa wote wawili wamekosa, na kwamba yuko mkosaji wa tatu ambaye hakuna amtajaye.

Mwongozo ninaousema ni maandishi, au siku hizi filamu fupi, yamshikayo mchezaji mkono tangu mlango wa kwanza hadi wa mwisho: pinda kushoto, chukua ufunguo, usiseme na mzee, panda ngazi. Wanafunzi wetu walilijua neno hili kabla ya kuijua michezo yenyewe, kwa kuwa kila riwaya na tamthilia iliyowekwa kwa mitihani ina mwongozo wake dukani, na wako waliofaulu mtihani wa kitabu ambacho hawakukifungua. Kwa hiyo mzozo huu si wa watoto na vitu vyao vya kuchezea. Ni mzozo juu ya jibu: ni wakati gani jibu ni mali ya mtu, na ni wakati gani analo mkononi lakini si lake.

Wazee wetu walikwisha kulikata shauri hili zamani. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Baraza huitika, "Tega!" Fumbo likitegwa, kila mtu hujaribu; wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa Kilwa, au Lamu, au Mombasa. Pengine huukataa mji mdogo akataka mkubwa zaidi. Akisharidhika husimulia jinsi alivyokwenda katika mji wake mpya na alivyokirimiwa huko, na baada ya majivuno hayo yote ndipo hulitoa jibu. Tazama jinsi desturi hii ilivyo na busara. Haikukataza kuambiwa jibu. Hakuna aliyepelekwa kulala na fumbo likimkereketa kooni. Walakini haikulitoa jibu bure. Bei yake haikuwa fedha, ilikuwa kukiri mbele ya watu kuwa umejaribu na umeshindwa. Na liko sharti la tatu ambalo aghalabu husahauliwa: mtegaji naye ana wajibu. Jibu lake lisipolingana na fumbo, huzomewa.

Hapa ndipo ninapoachana na wakali wetu. Wao huzungumza kana kwamba kila fumbo lililomo katika mchezo lilitegwa kwa haki. Hivyo sivyo. Katika mwaka wa 1984 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa mchezo uitwao The Tower of Druaga, wenye mnara wa orofa 60. Karibu kila orofa ilificha hazina, na masharti ya kuifichua hayakuandikwa popote. Pengine ni kuua maadui kwa utaratibu fulani, pengine ni kufanya jambo ambalo mtu timamu asingelifikiria. Baadhi ya hazina hizo zikikosekana, mnara hauwezi kumalizwa. Wajapani walifanyaje? Walipeana siri katika nyumba za kuchezea na kuandikiana walichokigundua. Mnara ulishindwa na baraza, haukushindwa na mtu mmoja. Je, watu wale hawakucheza?

Au chukua Castlevania II: Simon's Quest, wa mwaka wa 1987. Mchezaji hufika penye jabali asiloweza kulipita, na njia ya kulipita ni kupiga magoti mbele yake akiwa ameshika johari jekundu, na kungoja bila ya kufanya lolote mpaka kimbunga kije kimchukue. Baadhi ya wenyeji wa miji iliyomo mchezoni husema uongo, na tafsiri ya Kiingereza ikayavuruga hata yale ya kweli. Katika Gabriel Knight 3, wa mwaka wa 1999, shujaa anataka kukodi pikipiki kwa jina la rafiki yake. Basi sharti anase manyoya ya paka, ayabandike juu ya mdomo kwa shira yawe masharubu, kisha achore masharubu katika pasipoti ya rafiki huyo, kwa sababu rafiki mwenyewe hana masharubu! Msomaji asidhani ninatia chumvi. Aliyetega fumbo hilo alistahili kuzomewa, na aliyefungua mwongozo mbele yake hakuiba kitu. Fumbo lisilo na njia ya kuliendea ni deni linalodaiwa pasipo mkopo.

Lakini lipo jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko hayo, na sijalisikia likitamkwa na wakali wala na wapinzani wao. Katika Monkey Island 2, wa mwaka wa 1991, kuna maporomoko ya maji ambayo huzuiwa kwa kufunga koki ya pampu, na mchezaji hana chombo cha kuifungia. Jibu ni kumlaza kima kwa mazingaombwe mpaka akakamae, kumtia mfukoni, kisha kuizungusha koki kwa mwili wake. Kwa nini kima? Kwa sababu Wamarekani huiita spana ya kurekebisha kwa jina lenye kima ndani yake. Fumbo zima ni hilo neno. Waingereza, wenye lugha, walikwama, maana wao huiita spana hiyo kwa jina jingine. Sasa mfikirie kijana wa Morogoro au wa Kisumu. Mafundi wake huiita spana malaya, jina ambalo lina mantiki yake mwenyewe, lakini halimfikishi mtu kwa kima yeyote. Hata akikaa mwaka mzima mbele ya maporomoko yale, akili yake iwe kali kama wembe, hatalipata jibu, kwa kuwa jibu halimo katika akili. Limo katika kamusi ya watu wengine.

Michezo mikubwa isemayo Kiswahili ni michache mno. Wachezaji wetu wengi hucheza kwa lugha ya pili au ya tatu, na mafumbo mengi yamejengwa juu ya mizaha, methali na nyimbo za utotoni za nchi za mbali. Kwa watu hawa mwongozo ni mkalimani. Hakuna amwambiaye mgeni mahakamani kwamba akitumia mkalimani hakusema. Mtu aliyekulia katika lugha ya mtegaji, akamlaumu aliyekulia nje yake kwa kufungua ukurasa mmoja, anajisifu kwa kuzaliwa.

Baada ya kusema hayo, nageukia upande wa pili, na sina nia ya kuupunguzia.

Wako watu ambao hufungua mwongozo kabla ya kukwama, hukaa nao magotini, wakisoma mstari na kutenda mstari. Husema wamelipa, na ni kweli wamelipa. Lakini walinunua nini? Katika mwaka wa 2019 ulitoka mchezo uitwao Outer Wilds. Mchezaji husafiri kwa chombo kidogo katika sayari chache, na kila baada ya dakika 22 jua hulipuka, naye hurudishwa mwanzo. Hapati upanga bora, wala ufunguo, wala nguvu mpya. Kitu pekee anachokichukua kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine ni kile alichokielewa. Mtu ajuaye lililofichwa anaweza kuumaliza mchezo huo katika mzunguko mmoja. Asiyejua hutumia siku nyingi, na siku hizo ndizo mchezo. Siwezi kueleza zaidi bila ya kuwa mwizi mimi mwenyewe. Mwenye kuusoma mwongozo wa mchezo kama huo hakujirahisishia kazi, maana hakuna kazi iliyobaki; ameila mbegu. Wala hawezi kutubu, kwa sababu akili haina mlango wa kulitoa jambo lililokwisha kujulikana. Mali nyingine ukiipoteza huweza kurudi. Kutojua kukipotea hakurudi, na raha ya kufumbua hutoka humo tu.

Basi ni lini mtu awe ametoa mji? Wengine hupima kwa saa. Kampuni ya Nintendo ilipima kwa idadi: katika New Super Mario Bros. Wii, wa mwaka wa 2009, mchezaji aliyekufa mara nane katika hatua moja huletewa sanduku la kijani, na akilipiga, Luigi humwonyesha njia. Mara nane ni kipimo cha haki kwa jambo la vidole, na wenye vidole vizito au mikono yenye maradhi wasiulizwe hata hizo nane. Kwa mafumbo ya akili, walioukaribia ukweli zaidi ni watu wa Infocom, waliokuwa Massachusetts wakitunga michezo ya maandishi matupu. Tangu mwaka wa 1982 vijitabu vyao viitwavyo InvisiClues viliuzwa vikiwa na maswali yaliyochapwa wazi, na majibu yaliyochapwa kwa wino usioonekana, ambao hujitokeza ukipakwa kwa kalamu maalumu. Kila swali lilikuwa na majibu kadhaa: la kwanza huashiria tu, la pili husogea karibu, la mwisho hutamka. Mchezaji hupaka moja akarudi mchezoni. Na kwa kuwa swali lenyewe laweza kumtolea siri asiyefika hapo, walichanganya humo maswali ya uongo juu ya vitu visivyokuwako. (Kwamba mtegaji alikuwa anauza fumbo kwa mkono mmoja na jibu kwa mkono mwingine ni jambo ambalo baraza la zamani lingelitazama kwa jicho la pembeni, nami nalitazama hivyo hivyo.)

Uzuri wa vijitabu vile haukuwa katika wino, ulikuwa katika swali. Msomaji alilazimika kulitafuta swali lake kwanza. Nami hicho ndicho kipimo changu: mtu aliyekwama kweli anaweza kulitamka swali lake kwa ukamilifu. Anajua ni mlango upi, amejaribu nini na nini, na kwa nini kila alichojaribu hakikufaa. Huyo amekwisha kutoa mji, na apewe jibu, tena apewe dogo kwanza. Asemaye "nimekwama tu" hakukwama, amechoka. Na dawa ya kuchoka ni usingizi. Miongozo ya leo, hasa ile ya filamu, haimwulizi mtu swali lolote. Huanza kumwaga majibu kabla hajafumba mdomo, na anayetafuta njia ya mlango mmoja hutoka na habari za nyumba nzima.

Nitaambiwa kuwa mfanyakazi arudiye nyumbani usiku, mwenye saa moja tu ya kupumzika, hana nafasi ya mambo haya yote. Namheshimu, na akitaka hadithi pasipo mafumbo, na aisome mwongozo wake kama hadithi. Ila asiseme baadaye kuwa fumbo lilikuwa jepesi.

Mimi mwenyewe nimo katika merikebu ya Return of the Obra Dinn, mchezo wa Lucas Pope wa mwaka wa 2018. Watu 60 wa merikebu ile wamekufa au wametoweka, na kazi ni kumtaja kila mmoja kwa jina lake na kwa lililompata, kwa kutazama mavazi, kusikiliza lafudhi, na kuhesabu vitanda vya kuning'inia vyenye nambari. Mchezo huthibitisha majibu kwa mafungu ya watu watatu, hata kubahatisha hakufai kitu. Nilibakiwa na sita. Rafiki yangu aliyekwisha kuumaliza aliniahidi kwamba nikimwandikia swali moja lililo kamili, atanijibu kwa neno moja. Juzi usiku nilichukua karatasi nikaanza kumweleza ni mabaharia gani ninaowachanganya, na kwa nini nadhani hawalali upande mmoja. Nilipofika katikati ya sentensi niliona kuwa viko viatu ambavyo sikupata kuvitazama, vilivyotokeza chini ya blanketi. Nikaikunja karatasi nikarudi merikebuni. Sasa wamebaki watatu.