Saa Isiyokuwepo na Saa Iliyochelewa

Ipo hoja kwamba kiendeshi cha sauti hakina haja ya kuhangaika na saa ya hiari, yaani mapigo ya kuratibu chipu yanayoweza kukosekana: ikiombwa isipatikane, kosa lolote lipuuzwe, kazi iendelee. Hoja ni fupi, na ufupi ndio sifa yake pekee.

Kwamba baadhi ya chipu za sauti hazihitaji saa kutoka kwa prosesa, kwa kuwa bodi ina kristali yake, hakuna anayebisha. Lakini kosa lolote? Hapo ndipo hoja inapopwaya. Katika kerneli ya Linux, inayoendesha simu za Android, kosa namba 517 lina maana moja: mtoa saa hajawa tayari, jaribu tena baadaye. Kiendeshi kinacholipuuza hujisajili kwa mbwembwe, kisha spika hubaki bubu. Mbaya zaidi, leo sauti hutoka, kesho haitoki, kutegemea nani kawahi kuamka.

Eti kuchambua makosa ni mzigo. Mzigo gani? Tangu 2019 kerneli ina kitendakazi devm_clk_get_optional: saa isipokuwepo hurudisha NULL, nayo clk_prepare_enable huipokea bila kulalamika. Kosa halisi hubaki kosa. Kazi iliyobaki ni kulikagua kwa IS_ERR.

Wala NULL si ruhusa ya kulala. Ikiulizwa kasi yake, clk_get_rate hujibu sifuri. Anayegawanya kwa sifuri ajilaumu mwenyewe.

Saa isiyokuwepo ivumiliwe; kosa lirudishwe kwa aliyeita.