Majina ya Nyumbani Mwako Katika Kompyuta ya Kanisa



Sharika nyingi sasa zinaliweka kando lile daftari kubwa la washiriki na kuhamishia majina katika kompyuta. Mzee wa jumuiya hupita nyumba kwa nyumba akiwa na fomu mkononi. Baba husema, "Mwulizeni mama." Ndivyo ilivyo, kwa maana mama ndiye ajuaye nani alibatizwa lini, nani amepata Kipaimara na nani bado. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya fomu hiyo, maana ikijazwa vibaya, kuna mtu nyumbani mwako atakayesahauliwa.

Asifikiri mtu kwamba orodha ni jambo la kidunia. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma jinsi manung'uniko yalivyozuka kwa sababu wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, bali walitaka wachaguliwe watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Naye Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo sura ya 5, anaeleza ni mjane gani aandikwe katika orodha, na anataja umri wa miaka 60. Huko Uingereza, mwaka 1538, kila parokia iliagizwa kuwa na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na mazishi. Kompyuta basi imekuja kuendeleza kazi ya zamani.

Kompyuta inavyoiona nyumba

Programu za kanisa ni nyingi. Nyingine hulipiwa kila mwezi, na nyingine, kama ChurchCRM, hutolewa bure. Nyingi hufanana katika jambo moja: zina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni ya familia, yenye jina la familia, mahali inapokaa, simu na tarehe ya ndoa. Ya pili ni ya kila mtu peke yake: jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na siku aliyojiunga na kanisa. Kisha mtu huunganishwa na familia kwa kupewa nafasi yake: mkuu wa kaya, mwenzi, mtoto, ndugu mwingine, au asiye ndugu. Halafu huwekwa katika vikundi: kwaya, umoja wa wanawake, shule ya Jumapili. Mtu mmoja anaweza kuwa katika vikundi vitatu bila jina lake kuandikwa upya mara tatu.

Faida yake ni kubwa. Mchungaji akitaka kujua vijana wa miaka 14 ambao bado hawajaanza mafundisho, jibu hupatikana kwa dakika moja. Lakini kompyuta hutoa kile tu ilichopewa.

Nani yuko nyumbani mwako?

Tuseme nyumba ina baba, mama, watoto watatu, bibi mzaa baba, mtoto wa dada aliyekuja kusoma, na msichana wa kazi. Mara nyingi fomu hurudi na majina matano. Bibi ameachwa kwa kuwa "ameandikwa kijijini". Mtoto wa dada ameachwa kwa kuwa "ana kwao". Msichana wa kazi hakukumbukwa kabisa. Bibi akiugua, hakuna wa kumletea Meza ya Bwana. Mtoto wa dada akifikia umri wa mafundisho, hakuna wa kumwita. Yule binti anayekulelea mwanao naye ni kondoo wa Bwana, wala hana mwingine mjini hapa wa kumtaja. Nafasi za "ndugu mwingine" na "asiye ndugu" zimewekwa kwa ajili ya watu kama hao. Waandike wote.

Wapo pia mama wanaokuja kanisani peke yao na watoto, kwa kuwa baba ni wa dini nyingine au haendi popote. Huna sababu ya kuona haya. Mwulize mumeo kama anakubali jina lake liandikwe kama mtu wa familia asiye mshiriki. Akikubali, mchungaji atakapokuja kuwatembelea atajua jinsi ya kumsalimu baba mwenye nyumba. Akikataa, usimwandike kwa siri.

Jina lako wewe

Hapa ndipo penye matatizo mengi. Mama mmoja aweza kuwa Mama Neema kwa majirani, mke wa fulani katika bahasha ya ahadi, na jina la baba yake katika cheti cha ubatizo. Karani asiyemfahamu humwandika mara tatu, na sadaka zake hugawanyika kwa watu watatu ambao ni yeye huyo mmoja. Chagua jina moja kamili, lile la vyeti vyako, kisha mwombe karani aandike pembeni majina mengine unayojulikana nayo. Aidha, kama una simu yako, namba hiyo iandikwe katika kumbukumbu yako, isiishie kwenye ya familia. Matangazo ya umoja wa wanawake yakienda katika simu ya baba peke yake, utayasikia baada ya siku kupita.

Msiba unapoingia

Akifa baba mwenye nyumba, nini hufanyika katika kompyuta? Mahali pengine karani hufuta familia nzima, na mjane hutoweka pamoja na marehemu. Mahali pengine hakuna kinachofanyika, na siku ya ndoa inapofika, kompyuta humpelekea mjane salamu za pongezi. Hebu fikirini machungu ya ujumbe huo.

Njia iliyo sawa ni hii. Marehemu asifutwe, bali aandikwe kuwa amefariki, pamoja na tarehe, maana watoto watakuja kuhitaji habari zake. Mjane awekwe kuwa mkuu wa kaya. Tarehe ya ndoa iondolewe katika orodha ya salamu. Mkumbuke binti watano wa Selofehadi katika Hesabu sura ya 27. Baba yao alikufa bila mwana wa kiume, na jina lake lilikuwa karibu kupotea. Walisimama mbele ya Musa wakadai, na Mungu akasema wamenena haki. Mjane naye aende kwa karani bila woga, au mama wa jumuiya waende kwa niaba yake.

Kadhalika binti akiolewa asibaki "mtoto" katika nyumba ya baba yake. Ahamishiwe familia yake mpya, na habari za ubatizo wake zitahama naye.

Siri za nyumba

Programu hizi zina mahali pa kuandika maelezo. Ni mahali pa kuangaliwa sana. Ugonjwa wa mtu, ugomvi wa ndoa, au mambo aliyomweleza mchungaji faraghani yasiandikwe pale ambapo kila mwenye neno la siri aweza kusoma. Hata sheria inatulinda. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ile ya Kenya huhesabu imani ya mtu, hali yake ya ndoa na majina ya mwenzi na watoto kuwa taarifa nyeti. Basi ulizeni kwa upole: ni nani anaifungua kompyuta hii? Nakala ya akiba huwekwa wapi? Na lile daftari la zamani lisichomwe. Umeme hukatika na mashine huibiwa, na cheti cha ubatizo bado humsaidia mtu anayetafuta cheti cha kuzaliwa akiwa mtu mzima.

Kazi ya mwezi huu

Jioni moja, baada ya chakula, chukua karatasi. Andika kila anayelala chini ya dari yako: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali na siku ya ubatizo, Kipaimara, ndoa, na simu kama anayo. Usipojua, acha wazi, usibuni. Weka karatasi hiyo pamoja na vyeti, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anapajua. Mzee wa jumuiya akija na fomu, utamjibu bila kubahatisha. Na akisahau kuja, ipeleke mwenyewe.

Bwana awabariki ninyi na wote walio nyumbani mwenu.