Fundo Lisilofungwa Halifunguki

Wanaoifundisha sanaa ya filamu siku hizi wamezoea kuwapa wanafunzi wao wasia mmoja: tazameni namna filamu kubwa za dunia zinavyoanza, chagueni mwanzo uliokuvutieni, kisha mwanze nao kazi yenu. Wasia huu una nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli aghalabu hudhuru kuliko uongo mzima. Matunda yake yanaonekana. Kijana akabidhiwapo kamera na kutakiwa atengeneze filamu ya dakika kumi juu ya visiwa hivi, huanzia pale pale walipoanzia wenzake: droni inaruka angani, jua linachomoza, bahari inametameta, ngalawa inapita, ganuni inalia. Na ikiwa filamu ni ya mjini, gari linafika getini, mlinzi anafungua, gari linaingia, mwenye gari anateremka, na mpaka hapo hakuna neno lililosemwa wala jambo lililotendeka.

Na ichukuliwe Fundo kuwa mfano. Ni kisiwa chembamba na kirefu, kilichojilaza mbele ya Wete, upande wa magharibi wa Pemba. Aendaye huko huenda kwa chombo, na arudiye hurudi kwa chombo. Bamvua likishika, maji ya pwani hizi hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na hayo maji ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya safari ya mtu, awe na haraka au asiwe nayo. Ukikitazama kutoka angani, kisiwa ni mstari wa kijani juu ya samawati. Ni picha nzuri, hilo halikanushiki. Lakini ni jicho la nani lile? Mvuvi wa Fundo aendapo kutazama madema yake hakioni kisiwa chake vile. Wala hakioni vile mwanamke achokoaye pweza maji yakipwa, wala mtoto aliyekaa ngamani. Jicho lile ni la mgeni anayetafuta pa kupumzika. Mwanafunzi aanzaye nalo, hata awe amezaliwa Gando, amejifanya mgeni kwao. Tena akiliacha litalii kwa dakika mbili, ameshatoa sehemu moja ya tano ya filamu yake kwa jambo lisilokuwa na kisa.

Kosa haliko katika kutazama kazi za watu. Kosa ni kutazama kisichotazamwa. Filamu ya Orson Welles, Touch of Evil, ya mwaka 1958, husifiwa kila darasani kwa mwanzo wake: kamera inatembea zaidi ya dakika tatu bila kukatwa. Wanafunzi huuiga mwendo ule, wakazunguka na kamera sokoni na vichochoroni. Wanalosahau ni kwamba mwanzoni kabisa mwa mwendo ule, mtu anatia bomu ndani ya gari. Mtazamaji hafuati mwendo wa kamera, analifuata bomu. Aliyeuchukua mwendo akaliacha bomu amechukua ganda, tunda kalitupa.

Na si lazima kwenda Marekani. Kizazi kilichokuwa kikijaa katika majumba ya sinema ya Unguja na Pemba kutazama filamu za Kihindi kinaikumbuka Mother India ya mwaka 1957. Inaanza na uso wa bibi kizee na bonge la udongo mkononi mwake. Udongo tu. Lakini asiyetaka kujua udongo ule umemgharimu nini bibi yule ni nani? Kadhalika La Terra Trema ya Luchino Visconti, ya mwaka 1948, iliyopigwa katika kijiji cha wavuvi cha Aci Trezza, Sicily. Walioigiza ni wanakijiji wenyewe, kwa lahaja yao, ambayo Waitaliano wengi hawakuielewa hata ikabidi kuwekwe sauti ya kuwasimulia. Inaanza alfajiri: wavuvi wanarudi pwani, na wachuuzi wanawangoja na bei yao. Mtu wa Fundo hahitaji mkalimani kuielewa pwani ile. Basi cha kujifunza hapo si kengele za kanisa wala kofia za Wasicilia. Ni ujasiri wa kuanza na riziki ya watu, na kuwaacha watu waseme kama wasemavyo.

Kila mwenye kutarjumi anaijua sheria hii. Anayehamisha maneno moja moja huacha maana ng'ambo. Anayetaka kuvusha maana hana budi kuuliza: neno hili lilikuwa likifanya kazi gani kwao, na kwetu kazi hiyo hufanywa na neno gani? Mwanzo wa filamu nao hutarjumiwa hivyo hivyo. Ukinakiliwa, hufa.

Tena ajabu kubwa ni hii: kijana wa Pwani anatumwa mbali kutafuta mianzo, ilhali amezaliwa ndani ya hazina yake. Msimulizi wa ngano husema "Paukwa!", akanyamaza mpaka aitikiwe, hadithi haiondoki pasi na ahadi ya msikilizaji. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, hakuanza na mandhari ya Pate. Alianza kwa kumwita binti yake asogee, na kutaka wino na karatasi; msomaji akajua papo hapo kwamba mama ana la kuusia na muda ni mchache. Na Pemba yenyewe ndiyo ya Kamange na Sarahani, ambao habari na tungo zao zimechapishwa katika Kale ya Washairi wa Pemba, mwaka 2011. Katika ushairi wa kujibizana, ubeti wa kwanza ni fumbo linalorushwa, na mwenye kurushiwa hawezi kulala mpaka alijibu. Hizo zote ni shule za mwanzo, na karo yake ni masikio tu.

Lugha yenyewe inafundisha. Kufungua ni kinyume cha kufunga. Hakifunguliwi ila kilichofungwa. Basi ufunguzi wa filamu, kwa hakika, ni kazi ya kufunga: kufunga fundo mbele ya macho ya watu, ili wakae wangoje lifunguliwe. Jua linalochomoza halina fundo. Litachomoza tu.

Na liwekwe basi mbele ya mwanafunzi jambo dogo. Ni giza. Unasikika upondo ukigonga ubavu wa mashua. Mwanamke amesimama ufukoni Fundo, amembeba mtoto aliyefunikwa kanga mpaka usoni. Mashua imelala juu ya mchanga, maji yamekupwa. Nahodha anayatazama maji, mwanamke anamtazama nahodha, na ng'ambo zinaonekana taa za Wete. Hakuna aliyesema neno. Dakika moja haijatimia, na aliye Dar es Salaam anauliza kuna nini. Aliye Fundo haulizi, ameshashika kifua.

Watasema wengine kwamba watazamaji wa nje na wafadhili wanataka kwanza kuonyeshwa uzuri wa mahali. Hasha. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilifika Toronto mwaka 2021 ikisema Kiswahili na kusimulia Zanzibar ya miaka ya 1950. Haikuhitaji kuomba radhi kwa kuwa ya hapa. Na mgeni aliyezoeshwa mandhari matupu hana kosa; mwenye kosa ni mwenyeji anayemwandalia sahani isiyo na chakula.

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, limewahi kuzipeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba. Mtihani wa haki ni huo. Filamu juu ya Fundo ionyeshwe kwanza Fundo, kwenye shuka iliyofungwa baina ya minazi miwili. Ikiwa dakika ya kwanza imepita na wazee bado wanazungumza habari za nyavu zao, mwalimu asimlaumu mwanafunzi peke yake. Ajiulize na yeye alimtuma kwenda kutazama nini.