MKUltra Yetu Haikuhitaji Dawa

Wasee, nimechoka. Wiki hii pekee nimetumiwa video tatu za MKUltra, zote na ule muziki wa kutisha na ile sauti ya "hawataki ujue haya." Boss, tunajua. CIA ilianza huo mradi 1953, Sidney Gottlieb akiusimamia, wakawapa watu LSD bila kuwaambia. 1973 mkurugenzi Richard Helms akaamuru faili ziharibiwe, na 1977 Seneti ya Marekani ikachambua mabaki hadharani. Siri iko wapi hapo? Stranger Things ilishatengenezwa, na yule msichana wa kipara mnamjua kuliko mnavyowajua babu zenu.

Na mimi ni mmoja wenu. Nimewahi kutengeneza video kama hiyo, na ndiyo ilipata watazamaji wengi kuliko zote zangu. Nilipomwonyesha shosh, aliangalia kile kichwa kilichonyolewa akauliza, "Huyu naye walimpeleka Manyani?"

Sikuwa na jibu. Manyani nilikuwa nimeiona kwa kibao tu, kwa dirisha la basi la Mombasa.

Shosh alikuwa mtoto hapa Shauri Moyo 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipoanza. Karibu askari 25,000 wa Jenerali Erskine walifunga Nairobi na kupita mitaa ya Waafrika mlango kwa mlango. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapangwa mistari. Mbele yao mtu amevikwa gunia, amebakishiwa matundu ya macho. Huyo aliitwa gakunia. Akitikisa kichwa, umeenda. Baba ya shosh alienda hivyo.

Utasema kukamata watu si kudhibiti akili. Ngoja basi.

Mwaka huo huo serikali ya mkoloni ilichapisha ripoti ya Dkt. J. C. Carothers, aliyewahi kusimamia hospitali ya Mathari, kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Huyu 1951 alikuwa ameandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Sikutunga. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu kwa kitabu 1961. Sasa ona ripoti ilivyofaa: mtu anayedai shamba lake akiitwa mgonjwa wa akili, hakuna haja ya kujadili shamba. Unamtibu.

Dawa ilikuwa kambi. Watu waligawanywa kwa rangi: weupe, kijivu, weusi, kulingana na ulivyokiri kiapo. Ukikiri unasogezwa karibu na nyumbani, ukikataa unasukumwa mbali. Kulikuwa na mahubiri, masomo, vipaza sauti, hata waganga wa kukutapisha kiapo kwa baraka za serikali. Kufikia 1957, kambi za Mwea zilikuwa na mtindo wa kumvunja mtu siku anayoshuka kwa gari. Mwanasheria Mkuu mwenyewe, Eric Griffith-Jones, aliandika jinsi anayepiga ukelele wa kukaidi alivyokanyagwa koo na kujazwa matope mdomoni. Ushauri wake ulikuwa kwamba kama ni dhambi, basi itendwe kimya kimya.

Gottlieb alitafuta kidonge cha kufungua akili ya mtu na hakukipata. Hapa walitumia rungu na fomu ya kukiri, wakahesabu kila kukiri kama kupona.

Wale waliokataa kabisa waliishia Hola. Tarehe 3 Machi 1959 walilazimishwa kwenda kufanya kazi, na kumi na mmoja wakapigwa hadi kufa. Serikali ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya tangi. Maji! Hata mwandishi wa Netflix angeona aibu kuandika hivyo.

Na usiniambie hakuna hadithi zetu. Ngũgĩ alitoa A Grain of Wheat 1967. Niliisoma baada ya kuacha chuo, nikiwa na muda mwingi kuliko doo. Mle kuna kambi inaitwa Rira, nayo pia kumi na mmoja wanakufa. Mugo anapigwa akiri kiapo ambacho hata hakukila, ananyamaza, watu wanamfanya shujaa. Halafu (samahani, nakuharibia) anasimama mbele ya umati, bila kupigwa na mtu, na kukiri kitu kibaya zaidi. Hilo ndilo mkoloni hakulielewa: mdomo unaweza kulazimishwa, moyo hapana. Na sisi tunaishi mtaa wenye jina hilo, manze.

2011 ilijulikana kwamba Uingereza ilificha maelfu ya faili za koloni huko Hanslope Park. 2013 ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Baba ya shosh alikuwa ameshazikwa.

"Hiyo ni historia, achana nayo." Kweli? Juni 2024 tulipoingia barabarani kupinga mswada wa fedha, wakubwa walisema tumefadhiliwa, tumepotoshwa. Hakuna aliyeuliza kwanza kama unga umepanda. Ni ile ripoti ya Carothers, imebadilishwa jalada tu.

Kwa hivyo MKUltra nimemaliza nayo. Video ya Ijumaa ni ya lile tangi la Hola, na shosh amekubali kuongea, mradi nisimwekee muziki wa kutisha.