Muulize Kuhusu Maji

KUTOKA BARAZANI
Na Selemani Mntambo

"Mimi sikupigana, baba. Nilikuwa nafua bendeji tu."

Hilo ndilo jibu nililopewa na shangazi yangu nilipomwomba anisimulie Vita vya Kagera. Alikuwa muuguzi mwanajeshi. Aliondoka nyumbani mwishoni mwa mwaka 1978, akarudi vita vilipokwisha, akaendelea na kazi yake hadi akastaafu, na kwa miaka yote hiyo sikupata kumsikia akivizungumzia kwa zaidi ya sentensi mbili. Wageni wakifika na maongezi yakaelekea huko, yeye huwaelekeza kwa jirani, mzee mmoja aliyekuwa kwenye mizinga. "Muulizeni yule," husema, "yule ndiye aliyekuwa vitani."

Jibu hilo limenikosesha raha wiki nzima. Mwanamke aliyekesha miezi akihama na majeruhi, mwanga wake karabai, anaamini kwamba hana vita vya kusimulia. Imani hiyo hakuzaliwa nayo. Tumempa sisi, kwa namna tulivyozoea kuvisimulia vita vile.

Tazama tunavyovisimulia. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yanavuka mpaka. Novemba daraja la Kyaka linavunjwa, na Mwalimu Nyerere anahutubia taifa kuhusu sababu, nia na uwezo. Kisha yanafuata majina ya miji kama vituo vya basi: Mutukula, Masaka, Mbarara, Lukaya, Entebbe, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala iko mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nayo. Miji ikiisha, yanakuja majina ya makamanda: Kiwelu, Musuguri, Msuya, Walden, na Mayunga tuliyemwita Mti Mkavu. Jenerali Musuguri alipofariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, magazeti yalijaa habari zake, na alistahili kila mstari. Lakini vita havikuwa na makamanda peke yao. Waliitwa mgambo wapatao 40,000, wakaitwa polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Walikuwapo madereva, wapishi, mafundi wa magari, watu wa mawasiliano. Na walikuwapo wauguzi.

Kuna hesabu moja ambayo kila nikiisoma hunisimamisha. Tony Avirgan na Martha Honey, wanahabari waliofuatana na jeshi letu na kuandika kitabu kuhusu vita vile mwaka 1982, wanataja wanajeshi 373 wa Tanzania waliopoteza maisha. Kati yao, 96 ndio waliouawa katika mapigano. Toa 96 kwenye 373, unabaki na watu 277 ambao hawakufia kwenye mapambano na adui. Kwa wale 96 tuna lugha tayari: shujaa aliangukia Lukaya, aliangukia njiani kwenda Masaka. Kwa wale 277 tuna nini? Nani alikuwa karibu nao walipokata roho, na walisema nini, na walimtaja nani? Kamanda hawezi kujua mambo hayo. Anayejua ni mtu aliyekuwa ameshika mkono, na mtu huyo huenda alikuwa muuguzi anayetuambia leo kwamba yeye alifua bendeji tu.

Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Linapigwa gwaride, inawekwa mikuki na ngao, yanawekwa mashada. Kaboya, mkoani Kagera, upo mnara mweupe kwenye makaburi ya wapiganaji wetu, na majina yamechongwa chini yake. Napenda sana kwamba majina yapo. Ila jiwe lina uwezo wa kubeba jina na tarehe, basi. Haliwezi kubeba jinsi mtu alivyokuwa akikohoa.

Tuliwahi kufanya vizuri zaidi kuliko hivi, na tulifanya wenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini kuwauliza wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Gilbert Gwassa na John Iliffe ni miongoni mwa walioibeba kazi ile. Hadi wakati huo, ukitaka kuvisoma vita vile ulikuwa unasoma zaidi maandishi ya waliowapiga babu zetu, kikiwamo kitabu cha gavana mwenyewe, von Götzen. Wazee wa Umatumbi walipopewa nafasi ya kusema, ndipo tukajifunza neno njwiywila, ile minong'ono iliyosambaza habari ya dawa kutoka mtu hadi mtu kabla Mjerumani hajashtuka. Neno hilo ofisi ya gavana isingeweza kutupa. Lilikuwa vinywani mwa wazee, likisubiri mtu aje na daftari.

Lakini angalia miaka. Kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Walioulizwa wengi walikuwa watoto au vijana wadogo vita vilipowaka. Waliokuwa watu wazima, wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Tukisubiri miaka 63 kwa Kagera, tutafika mwaka 2041. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka atakuwa na 82. Muuguzi mzoefu aliyekuwa na 35 atakuwa na 97. Sidhani kama kuna haja ya kueleza zaidi.

Na tunalo funzo jingine, la baharini. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wa kijeshi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama katika muda usiozidi dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake sita. Nimezisoma tarakimu hizo mara nyingi, na kila mara nawaza kuhusu mpiga mizinga aliyeokolewa majini, akarudi kijijini kwake, akakaa na bahari ile kifuani hadi siku yake. Wajukuu zake walimwona babu akikataa kupanda mtumbwi na wakadhani ni woga.

Wapo waliotambua mapema kwamba vita vya wanawake husikika tofauti. Svetlana Alexievich, mwandishi wa Belarus, alizunguka miaka mingi na kinasa sauti akiwatafuta wanawake wa Kisovieti waliohudumu Vita Kuu ya Pili, wakiwamo wauguzi na waliobeba majeruhi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1985, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alichofanya hakikuwa kigumu kukieleza: alikaa nao, akawaacha waseme. Marekani nao, tangu mwaka 2000, wana mradi kwa sheria ya Bunge lao ambapo mwananchi yeyote anaweza kumrekodi askari mstaafu, nusu saa au zaidi, na sauti ikahifadhiwa katika maktaba ya taifa. Hakuna kinachotuzuia sisi. Simu yenye kinasa sauti ipo karibu kila nyumba. Tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, tuna maktaba za mikoa, tuna Makumbusho ya Taifa. Ninachoomba ni mlango mmoja ulio wazi, ambao mjukuu wa Tarime au Newala anaweza kupitia na kusema: hii ni sauti ya bibi, itunzeni.

Kuna kikwazo kimoja ambacho sitaki kukipitia haraka, kwa sababu nimekisikia kwa wastaafu wengi. Wanaogopa. Waliapa kutunza siri, na hakuna aliyewaambia kiapo kinaishia wapi. Mzee anaulizwa walikula nini njiani na anajibu, "Hayo ni mambo ya jeshi." Naliomba Jeshi letu, kwa heshima zote, litoe tamko jepesi na la wazi: kwamba askari mstaafu wa vita vilivyokwisha zaidi ya miaka 40 iliyopita yuko huru kueleza maisha yake, alikolala, alichokula, aliyemzika. Siri za silaha na mipango zibaki mahali pake. Kilio cha majeruhi hakijawahi kuwa siri ya taifa.

Tukifungua mlango huo, tujue pia kwamba yatatoka mambo yasiyoingia katika hotuba za Julai. Mji wa Masaka ulibomolewa vibaya sana, na sehemu ya ubomozi huo ilikuwa kisasi cha askari wetu kwa yaliyofanywa Kagera. Wapo walioshuhudia. Wapo wauguzi waliomhudumia mateka wa vita kwenye kitanda cha jirani na cha Mtanzania na wakapata maneno kwa hilo. Kumbukumbu ya kweli haiji imepigwa pasi. Nisingependa tumwambie mtu kwamba tunataka sauti yake kisha tumchagulie la kusema.

Na tujifunze kuuliza. Hapa nina hatia yangu mwenyewe. Nilimwendea shangazi na maswali ya vitabuni: ulikuwa wapi Kampala ilipoanguka, ulimwona kamanda gani, ulijisikiaje tuliposhinda. Kwa maswali ya namna hiyo atakujibu kwa adabu na hutapata kitu. Muulize mtu wa Mwanza habari za vita, atakuambia havikufika huko. Muulize nini kilitokea Saanane Machi 1979, ndipo utasikia habari ya ndege ya Libya iliyolenga matangi ya mafuta na mabomu yake yakaua swala kisiwani. Muulize mama yeyote wa umri huo aliishije ile miezi 18 ya kufunga mikanda baada ya vita, sabuni ilipokuwa haipatikani. Mwache aseme Kihaya, Kikurya au Kisukuma kama ndivyo maneno yanavyomjia. Usimsahihishe tarehe. Akinyamaza, nyamaza naye.

Jumapili iliyopita nilirudi. Nilimwamkia, akaitikia, tukanywa chai. Nikamwomba ruhusa, nikaweka simu mezani. Nilikuwa nimeanza tena habari za Kampala aliponikatiza.

"Kampala sikuiona mimi, baba. Mbona unaniuliza nisichokiona? Niulize kuhusu maji."

Nikamuuliza kuhusu maji. Alizungumza dakika 40 bila kusimama. Maji yalikuja kwa pipa, na pipa lilinuka dizeli hata ulisugue vipi. Walikuwa na masufuria matatu: moja la kuchemshia mabomba ya sindano, moja la bendeji, moja la chai, na ole wako uyachanganye. Masika yalipoanza walitandaza turubai kukinga mvua, na usiku ule wa kwanza wa mvua wauguzi walicheka kama wasichana kwa sababu wangeweza kuosha nywele. Bendeji zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa, na mvua ikizilowesha zilikaushwa kwa moto wa kuni, kwa hiyo majeruhi wote walinuka moshi. Hadi leo, aliniambia, akisikia harufu ya moshi kwenye kitambaa kisafi anageuka kutafuta nani anaita.

Kisha akaniambia kwamba aliyeumia tumbo hapewi maji. Ndiyo kanuni. Unalowesha kipande cha pamba, unampaka midomoni, basi. Palikuwa na kijana mmoja wa mgambo, mdogo, aliyeomba maji tangu saa mbili usiku. Hakupiga kelele. Alimwita dada, kila baada ya muda kidogo, dada naomba maji, na pipa lilikuwa hapo hapo, hatua nne kutoka alipolala, akiliona. Shangazi alimpaka midomo hadi kukaribia alfajiri.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kikombe chake kilikuwa kimepoa.

"Zima kwanza," akasema.

Nikaizima simu.