Vita ya Lugalo iletwe mezani, na wapagazi wake

Abiria wa mabasi ya Mbeya kwenda Dar es Salaam hupita Lugalo kila siku, wengi wao wakisinzia. Baada ya Iringa, kando ya barabara kuu ya Morogoro, ndipo mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliuvizia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kuusambaratisha kwa dakika chache tu. Basi halisimami. Mwanafunzi anayesafiri humo amekwisha kuisoma vita hiyo darasani: mwaka, majina mawili, nani alishinda. Namna ilivyopiganwa hajui, na hakuna anayemuuliza.

Uingereza na Marekani wapo watu wazima, wengine wastaafu kabisa, wanaotumia siku za mapumziko kupigana vita kama hizo juu ya meza. Vijisanamu vya bati au plastiki, kimo chake milimita 28 hivi, hupakwa rangi kwa brashi nyembamba mpaka vifungo vya sare vionekane. Vilima hukatwa kwenye sponji, vichaka hutengenezwa kwa nyasi kavu zilizogandishwa kwa gundi. Kila upande una zamu yake. Mwendo wa kikosi hupimwa kwa futi kamba, na shabaha na ujasiri huamuliwa kwa dadu. Mchezo mmoja unaweza kumeza jioni nzima, na maandalizi yake miezi.

Asili yake si ya kitoto. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo wa vita wa Luteni Georg von Reisswitz, uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vya kuwakilisha vikosi, ukawa somo kwa maafisa. Mwandishi H. G. Wells akauleta sebuleni mwaka 1913 kwa kitabu chake Little Wars, kilichotumia askari wa kuchezea na vimizinga vya springi. Wells alitamani vita vidogo vya mezani vichukue nafasi ya vile vikubwa. Haukupita mwaka na nusu, Ulaya ikawaka moto.

Afrika nayo imo kwenye meza hizo. Mwaka 1979 Mmarekani Larry Brom alitoa kanuni za vita vya kikoloni ziitwazo The Sword and the Flame, na hadi leo zina wapenzi wake. Zipo kampuni za Uingereza zinazouza vijisanamu vya wapiganaji wa ruga-ruga, askari wa Wajerumani na hata wapagazi wenye mizigo kichwani. Kwa maneno mengine, mtu wa Nottingham anaweza kuagiza kwa posta jeshi la kupigania Uhehe, ilhali kijana wa Ipogolo, Iringa, anayeishi mwendo mfupi kutoka uwanja wenyewe, hajawahi kuiona vita hiyo ikipangwa mbele yake. Hilo halina sababu ya kuendelea.

Wala halihitaji bati wala posta. Inatosha kwenda soko la Mwanjelwa hapa Mbeya na kurudi na mahindi, maharage, choroko na mchele. Hesabu zinazotajwa mara nyingi kuhusu msafara wa Zelewski ni Wazungu 13, askari wapatao 320 na wapagazi 170. Wahehe hukadiriwa kuwa 3,000. Punje moja ikisimama badala ya watu kumi, meza inapata maharage 32 ya askari, choroko 17 za wapagazi na punje moja ya mchele ya Wazungu. Zipangwe zote katika mstari mmoja, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, kila punje sentimita mbili kutoka kwa mwenzake. Mstari unakuwa wa mita moja. Porini, kwa makadirio ya mita mbili kwa kila mtu, ni kilomita nzima. Halafu yamwagwe mahindi 300 ya Wahehe vichakani, ubavuni mwa mstari huo.

Mchezaji anayeshika upande wa Wajerumani huona shida papo hapo. Aliye mbele hana habari ya aliye nyuma. Bunduki za Maxim na mizinga, ambazo vitabu huzitaja kana kwamba zilijifyatua zenyewe, siku hiyo zilikuwa mizigo: zimefungwa, ziko safarini. Na kila watu watatu wa msafara, mmoja ni mpagazi.

Hapa ndipo mchezo unapolipa, na ndipo pia wachezaji wengi wanapoteleza. Kijisanamu cha mpagazi hakipigi mtu, hakina alama za shambulio, kwa hiyo ni rahisi kukiweka pembeni kama pambo. Ukiwaondoa wapagazi, mstari unapungua kwa theluthi, askari wanakaribiana, na Lugalo inageuka vita nyingine kabisa. Wao ndio waliourefusha msafara, ndio waliobeba, na ndio waliokufa: wapagazi 96 kati ya 170, pamoja na askari wapatao 250 na Wazungu 10. Majina ya Wazungu hao yanajulikana. Ya wale 96 hayatajwi popote katika masomo yetu.

Hali ilikuwa hiyo hiyo miaka 25 baadaye. Mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yalipotoka Nyasaland, yakaitwaa Tukuyu ya leo mwezi Mei na kuingia Iringa mwezi Agosti, kila risasi na kila kibaba cha unga kilipanda milima hii juu ya vichwa vya watu. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita ile yote, toka Kenya hadi Msumbiji, yanakaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi na uchovu.

Dadu nayo ina mahali pake Lugalo. Inasimuliwa kwamba Wahehe waliambiwa wangoje mlio mmoja wa bunduki ndipo waruke, na kwamba afisa mmoja wa Kijerumani akampiga ndege risasi kabla msafara wote haujaingia mtegoni. Kikosi cha nyuma cha Luteni von Tettenborn kikapata nafasi ya kujiokoa. Mezani ni rahisi: kila zamu irushwe dadu, ikitoka sita, ndege amepigwa, mahindi yanaruka yalipo. Ikitoka mapema, mbele ya msafara inakufa na nyuma inapona. Ikichelewa, hakuna anayepona. Mwanafunzi akicheza mara tatu na kupata matokeo matatu, ataacha kuamini kwamba historia ilikuwa imeandikwa tayari.

Wako watakaosema ni utovu wa heshima kuchezea damu ya mababu, hasa katika mkoa ambao fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Hoja hiyo ina uzito. Mlambalasi, ambako Mkwawa alijipiga risasi mwezi Julai 1898 akiwa mgonjwa na amezingirwa, hakufai kuwekwa mezani. Pale hapakuwa na mbinu, palikuwa na mtu na uamuzi wake. Lugalo ni habari nyingine. Ilipangwa na watu waliojua pori, muda na tamaa ya adui, na kuisoma kwa makini ni kuwatambua kama makamanda, wasibaki kuwa kundi la watu wenye mikuki na hasira.

Kuna pia swali la nani atakubali kukaa upande wa Zelewski. Huyo lazima awepo, na asichekwe. Kati ya watu zaidi ya 500 wa msafara ule, 13 tu ndio waliotoka Ulaya. Askari wengi walikuwa Wasudani na watu wa Msumbiji. Na huku Mbeya, Merere wa Wasangu, aliyekimbia Usangu kwa kuwahofia Wahehe na kujenga ngome Utengule Usongwe, karibu na Mbalizi ya leo, aliona heri Wajerumani kuliko jirani yake. Meza yenye pande mbili tu, Mwafrika na Mzungu, ingemdanganya kijana wa Mbalizi kuhusu babu zake mwenyewe.

Makumbusho ya Boma ya Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ndani ya jengo la Wajerumani, yangeweza kutenga chumba kimoja: meza ya Lugalo, na baadaye ya Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyoangushwa Oktoba 1894 na wanajeshi waliokuja safari hiyo na mizinga iliyokwisha kufunguliwa. Shule za sekondari zianze na nafaka. Kanuni ya kwanza kuandikwa iwe ya wapagazi: choroko ikianguka, mzigo wake unabaki njiani, na harage linalosimama kuuokota linapoteza zamu.