BARABARA IPITE, LAKINI WATU WAHESABIWE KWANZA

Ndugu wanachama,

Wako wenzetu wasemao kwamba mambo ya barabara na vijiji vya Mukuru si kazi ya chama. Kwao chama ni cha mishahara na masaa ya kazi tu. Mimi nayakataa maneno hayo, na sababu zangu ni hizi.

Mukuru iko ubavuni mwa viwanda vya Nairobi, na reli yapita hapo hapo. Wengi wakaao Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani huenda kazini kwa miguu. Ukimhamisha mtu huyo mbali, lazima apande matatu asubuhi na jioni, na hakuna tajiri atakayemwongezea nauli. Basi nyumba iliyo karibu na kazi ni sehemu ya mshahara. Anayeivunja amekata mshahara, hata kama hakugusa karatasi ya malipo. Je, hilo si jambo la chama?

Tazameni yaliyotendeka. Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum. Ujenzi mpya ulisimamishwa ili barabara, maji, mitaro ya uchafu, shule na nyumba zipangwe, na wakaaji wenyewe washirikishwe. Jamaa zipatazo 100,000 zilihusika. Watu walikaa vikao wakatoa maoni yao. Halafu, Oktoba na Novemba 2021, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga ili kurefusha barabara ya Catherine Ndereba na kupunguza msongamano wa magari wakati barabara ya juu ya kulipia ilipokuwa ikijengwa Mombasa Road. Nyumba na shule zikabomolewa. Shirika la Amnesty lilisema watu zaidi ya 40,000 walikosa makao. Wakaaji walilalamika kwamba ubomoaji ulivuka mbali upana wa barabara. Desemba ule ule ugomvi wa ardhi ukazidi, polisi wakapiga risasi, na watu wakafa.

Tunajibiwa kwamba magari yamejaa, nchi yataka barabara, na watu wale hawana hati za ardhi. Nitajibu moja moja.

Barabara hatuikatai. Sisi watu wa reli twajua vizuri kwamba njia lazima ipite mahali. Tunalouliza ni kwa nini watu waliitwa kupanga mji wao, kisha barabara ikaletwa kama wezi wa usiku.

Ama juu ya hati, Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inakubali kwamba hata mkaaji wa nia njema asiye na hati aweza kulipwa fidia ardhi ikichukuliwa. Kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya nyumba ya kufaa. Na Sheria ya Ardhi, tangu ilipogeuzwa mwaka 2016, yataka notisi ya miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa. Hata mfalme Ahabu, kwa ubaya wake wote, alianza kwa kumwendea Nabothi na kumtajia bei.

Wengine wasema haiwezekani kuhesabu watu wengi hivyo, kazi itachelewa. Imewezekana, tena relini. Mwaka 2004 waliokaa kando ya reli huko Kibera na Mukuru walipewa notisi ya siku 30 waondoke. Wakakataa, wakaenda kortini. Mwishowe Shirika la Reli likaketi nao. Watu wakahesabiwa mlango kwa mlango, Benki ya Dunia ikasaidia kwa fedha, na nyumba za kuhamia zikajengwa. Miaka mingi ilipita, na manung'uniko hayakukosekana. Lakini treni hazikusimama kwa sababu watu walihesabiwa.

Na kwetu relini, dereva hapeleki treni mbele mpaka apewe njia, hata akiwa amechelewa na abiria wanapiga kelele. Akipita bila ruhusa ataitwa ajieleze. Dereva wa tingatinga ni mfanyakazi kama sisi, simlaumu. Nauliza aliyemtuma alipewa njia na nani, na ni lini ataitwa ajieleze?

Kwa hiyo naomba tawi letu lipitishe azimio lenye mambo manne:

1. Barabara ifuate mpango uliokubaliwa na wakaaji, si mpango ufuate barabara.

2. Upana wa barabara utangazwe, na mawe ya mipaka yawekwe kila mtu ayaone, kabla ya nyumba yo yote kuguswa.

3. Wapangaji wahesabiwe pamoja na wenye nyumba. Wengi wa wakaaji wa Mukuru ni wapangaji, na fidia ikipewa mwenye mabati peke yake, aliyelala ndani atabaki na godoro barabarani.

4. Mahali pa kuhamia pawe tayari, tena pasiwe mbali na kazi.

Asiyekubaliana nami na asimame mkutanoni ajibu kwa hoja. Lakini asiseme tena kwamba haituhusu. Leo ni Mukuru, na kesho mstari wa ramani waweza kupita juu ya kitanda chako.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi wa Reli,
Nairobi